Ndoo ya Saba

Mabandani walimwita Bwana Doa, na jina hilo hakuliokota njiani. Ungeweza kufagia banda la farasi mpaka sakafu ikang'aa, ukaegemeza ufagio ukutani huku unajipongeza, naye akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akasema kwa upole kabisa, "Naona doa." Na kweli doa lingekuwapo. Saisi wenzake, maana ndivyo wanavyoitwa watunza farasi, walikuwa na utani wao kwamba siku ya maziko yake atainuka kwenye jeneza awaonyeshe wachimbaji pembe ya kaburi waliyoipinda.

Alifanya kazi ile miaka thelathini na moja, na muda wote huo adui yake alikuwa mmoja tu: nzi. Farasi mmoja hujaza toroli la samadi kila siku, na penye samadi nzi hawangoji kualikwa. Wenzake walihangaika na nzi wanaoruka, yeye aliwafuata kwenye chimbuko lao. Buu la nzi likishashiba hutambaa hadi kando ya rundo, pale palipokauka, likajifungia ndani ya kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko punje ya mchele. Mabandani vifuko hivyo waliviita mbegu za nzi. Bwana Doa alijitengenezea chekecheke la wavu wa waya kwa fremu ya dirisha kuukuu, akawa anachekecha kingo za samadi, anajaza mbegu kwenye ndoo, anazichoma moto.

Kila saisi mpya alianza na somo hilo. "Ukiua nzi, umeua mmoja," angemwambia. "Ukichoma mbegu, umechoma ukoo mzima." Tumpe haki yake, lilikuwa neno la kweli. Ubaya wa neno la kweli ni kwamba mtu akilishika miaka mingi huliamini hata siku ambayo mambo yamegeuka.

Farasi wote kwake walikuwa sawa, au ndivyo alivyodai. Lakini kila mtu alijua kwamba ana kipenzi, jike wa kijivu aliyeitwa Shwari. Mama yake Shwari alikufa siku ya kumzaa, na wiki ileile mke wa Bwana Doa alijifungua binti, kitinda mimba wao. Kwa miezi minne Bwana Doa alikuwa na watoto wawili wachanga, mmoja ananyonya nyumbani, mwingine ananyonya chupa mikononi mwake kule bandani. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba amezaa mapacha, ila mmoja ana kwato. Na yule binti alipoanza kusimama dede, alisimama kwa kushika mguu wa Shwari, na Shwari hakuinua ukwato mpaka mtoto alipoketi mwenyewe.

Sasa wote wawili walikuwa na miaka ishirini na minne, umri wa usichana kwa mmoja na wa ubibi kwa mwingine. Mgongo wa Shwari ulikuwa umebonyea, na jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha pofuka. Nzi walilitulia, wakaleta vijidudu, vijidudu vikaleta kidonda, basi likaenda. Mwaka uliofuata jicho la kulia nalo likaanza kutoa machozi na matongo. Walimvalisha wavu wa usoni akausugua kwenye nguzo mpaka ukachanika. Farasi aliyebaki na jicho moja hataki kitu kilifunike. Daktari wa mifugo alilitazama, akalipaka dawa, akasema wazi, "Hii dawa itasaidia kama nzi watapungua. Wasipopungua, mimi na wewe tunatwanga maji kwenye kinu."

Mwenye farasi, ambaye wote walimwita tajiri, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Bwana Doa pale pale mbele ya daktari, "Chongo nitamfuga. Kipofu wa umri huu atajigonga kila ukuta, atajiumiza. Hilo jicho likienda, itabidi tumpumzishe." Bwana Doa alielewa kupumzishwa ni nini. Alikuwa amewashikia hatamu farasi wanne wakati daktari anawachoma sindano ile.

Basi akabeba pampu ya dawa mgongoni, akapuliza asubuhi na jioni. Lakini nzi wa pale walikuwa wameshaizoea dawa. Walioga, wakajipangusa mabawa, wakarudi jichoni kwa Shwari kama watu waliotoka bafuni.

Ni hapo binti yake alipokuja na pakiti. Alikuwa amesomea wadudu chuoni, jambo ambalo baba yake alilieleza kwa watu kwa taabu kidogo, kwa sababu walimuuliza wadudu wanasomewa nini. Aliacha kazi ya mshahara, akapanga chumba nyuma ya karakana ya rafiki yake, akaanza kufuga wadudu wanaoua wadudu. Siku hiyo alimkuta baba yake kwenye banda la Shwari, akamimina kiganjani vijipunje vya kahawia.

Bwana Doa aliruka nyuma. "Mbegu za nzi! Mama, mimi nachoma hizi miaka yote, leo wewe unaniletea?" Alimwita mama kwa sababu alirithi jina la mama yake mzazi.

"Za nzi ni ganda tu, Baba. Ndani kuna nyigu."

"Nyigu! Ndiyo umeniletea nafuu hiyo?"

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Hawaumi mtu wala mnyama, hata uwachokoze." Kisha akamweleza, tena kwa utulivu. Nyigu jike hutafuta kifuko cha nzi kwenye samadi, akakitoboa, akataga yai lake ndani. Kinda la nyigu humla nzi akiwa bado amelala mle ndani, hukua humo, na baada ya wiki tatu hivi hutoka akiwa nyigu kamili, akaenda kutafuta kifuko kingine. "Ukiona kifuko kimebomoka kichwani, ujue katoka nzi. Ukiona kitundu cha ncha ya sindano, ujue katoka nyigu. Ila pampu uiweke chini, Baba. Dawa itawaua hao kabla ya nzi."

Alipokuwa anafika katikati ya maelezo yale, Shwari alianza kusugua jicho kwenye mlango, na Bwana Doa akaenda kumshika kichwa. "Nimekuelewa, mama," alisema bila kugeuka, kama akina baba wanavyosema. Na alichokielewa kilikuwa hiki: wapo nyigu, na kazi yao ni kuua mbegu za nzi. Ni sawa na mtu kuletewa paka kwa ajili ya panya. Kwamba mtoto wa paka analelewa ndani ya panya, hilo halikumwingia. Za kwenye pakiti alijua zina nyigu. Za kwenye samadi, kwake yeye, zilibaki mbegu za nzi kama za siku zote.

Pampu aliiweka chini kweli. Binti alikuja kila wiki, akanyunyiza vijipunje vyake kwenye kona, chini ya mabirika ya maji na kando ya rundo la samadi. Wiki tatu za mwanzo hapakuwa na tofauti, na saisi wenzake walimuuliza kama nyigu wa binti yake bado wapo likizo. Wiki ya tano mikia ya farasi ilianza kutulia. Wiki ya saba ungeweza kunywa chai bandani bila kufunika kikombe kwa mkono. Matongo ya Shwari yalikauka, na jicho likawa jeusi, safi, la kukutazama. Bwana Doa akipita upande wake wa kulia alikuwa anageuziwa kichwa, na alipita upande huo mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka.

Hapo hakukalika naye. Kila mtu aliyekuja kuleta nyasi au kuwapigilia farasi viatu vya chuma alisikia habari ya binti yangu na nyigu wa binti yangu. Tajiri alimwahidi binti kwamba msimu wa nzi ukiisha na jicho lile liko salama, atawaita wenzake wote wenye mabanda waje waone. Kwa binti ilikuwa ni kufa na kupona, maana ni bandani pale tu ndipo alipokuwa amekubaliwa kujaribu.

Kisha akaitwa mafunzoni kwa wiki tatu. Kabla ya kuondoka alimshika baba yake bega. "Baba, usifanye chochote. Usipulize dawa, usimwage chokaa, usihangaike. Waache wenyewe."

"Dawa sipulizi, mama. Nakuapia."

Na dawa hakupuliza. Ila kumwambia Bwana Doa asihangaike ni kumwambia kuku asichakure. Siku ya tatu alipita kando ya rundo, akaona mbegu zimejaa pale pakavu, nyingi, nzima, za kahawia, hazijabomoka wala kutoboka. Akajiambia, kumbe nyigu wamezidiwa, masikini. Wadogo vile, watazimaliza lini? Na mwanangu hayupo. Basi akalitoa chekecheke lake pale lilipotundikwa, akalipangusa vumbi, akaanza kazi.

Alifanya kazi ile kwa siku kumi, baada ya saa za kazi, mgongo unamuuma, na kusema kweli hakuwahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Alikuwa anawasaidia nyigu. Alikuwa anamsaidia mtoto wake. Alichekecha kila ukingo, akainua mabirika, akachokoa nyufa za sakafu kwa kijiti. Alipata ndoo saba. Sita alizichoma, zikalia kwenye moto kama bisi. Siku ya ndoo ya saba mvua ilinyesha, kuni zikalowa, akaifunika kwa mfuniko wake wa kubana na kuisukuma nyuma ya rafu ya matandiko ya farasi, chini ya blanketi kuukuu. Kesho yake farasi mmoja aliumwa tumbo, na ndoo ikasahaulika.

Binti alirudi, na siku chache baadaye nzi nao wakarudi. Hawakurudi kidogo kidogo. Hapakuwa tena na cha kuwazuia, na waliobaki wakazaana watakavyo. Binti alileta pakiti mpya, lakini pakiti ni mbegu ya jeshi, si jeshi. Jicho la Shwari likaanza tena kutoa machozi.

Alipiga magoti kwenye samadi asubuhi nzima, anafukua kwa vidole. Baba yake alisimama pembeni na ufagio. Tajiri naye alikuwapo, amekunja mikono.

"Sioni vifuko," binti alisema. "Hata vyenye tundu sioni. Kabla sijasafiri hapa palijaa vifuko vizima, na karibu vyote ndani vilikuwa na nyigu wachanga. Ule ndio ulikuwa uzao wenyewe, ndio ungetuvusha msimu. Vimekwenda wapi?"

Hapo ndipo Bwana Doa alipoelewa. Aliyasikia maelezo ya siku ile ya kwanza yakirudi yote, tangu yai mpaka kitundu cha sindano, kana kwamba anaelezwa upya. Aliliona chekecheke lake limetundikwa msumarini, nyuma ya kichwa cha tajiri, na wavu wake bado una vumbi.

Neno lilimfika kooni. Lilikuwa neno dogo tu: ni mimi. Lakini walikuwapo saisi wawili aliowafundisha yeye mwenyewe, alikuwapo tajiri aliyemwamini miaka thelathini na moja, naye alikuwa Bwana Doa, mtu wa kuona doa la mwenzake. Akalimeza. Wapo wanaume ambao ni heri wafe na tai shingoni kuliko kulegeza fundo, na nasikitika kusema alikuwa mmoja wao.

"Labda waliondoka?" tajiri aliuliza.

Binti alisimama, akajipangusa magoti. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Hapana. Labda niliwalea vibaya. Labda walikuwa dhaifu, hawakuzaa ipasavyo. Sijui. Nafikiri nimekosea mimi."

Baba yake aliinama akafagia mahali palipokuwa safi.

Tajiri hakumfokea, alimshukuru tu, na shukrani ile ilikuwa mbaya zaidi. Pampu ikarudi mgongoni, na dawa kali zaidi ikanunuliwa. Jicho la Shwari lilizimika katika mwezi uliofuata. Siku ya daktari kuja, Bwana Doa alishika hatamu mwenyewe, akasimama upande wa kulia kwa mazoea. Shwari alimnusa mkono, akauegemeza uso wake kifuani kwake, hana wasiwasi wowote, kwa sababu mkono ule ulimpa chupa siku alipozaliwa. Bwana Doa alilia mbele ya watu wote, na watu wakaona huruma, wakamwambia umempenda sana mzee, jipe moyo. Hakuna maneno yaliyomchoma kama hayo.

Binti alifunga chumba chake nyuma ya karakana. Akapata kazi kwenye duka la dawa za mifugo, mtaa wa pili kutoka nyumbani, anavaa koti jeupe na kuuza zile zile chupa alizokuwa akizipinga. Akija kula kwao alikuwa mchangamfu, tena mchangamfu kupita kiasi. Siku moja baba yake alimuuliza kama hawakumbuki nyigu wake. "Ah, Baba," alisema, "yale yalikuwa mambo ya utoto." Mama mtu alimtazama mumewe, mumewe akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Miezi saba ilipita. Tajiri aliagiza rafu ya matandiko ipakwe rangi, na Bwana Doa, ambaye asingemwachia mtu mwingine kazi ya kusogeza rafu ile, aliisogeza, akalivuta blanketi, akaikuta ndoo.

Aliitambua mara moja. Alisita, kisha akaubandua mfuniko. Juu kulikuwa na mizoga michache ya nzi, haikujaa hata konzi. Chini yake kulikuwa na kitu alichodhani ni majivu, au ugoro. Alichota kidogo kwa kidole, akatoka nje kwenye mwanga, akavaa miwani. Walikuwa nyigu. Wadogo kuliko punje ya ufuta, weusi, mabawa yamekunjika, maelfu kwa maelfu. Walikuwa wametoka wote kwa wakati wao, wakatafuta njia, wakakuta mfuniko unaobana. Na chini yao mbegu za nzi, karibu kila moja ina kitundu cha ncha ya sindano.

Alikaa juu ya toroli lililopinduliwa. Majuto ni mjukuu, hukawia lakini huja, na wake alikuja na ndoo mkononi. Kwa miezi saba alikuwa anajipa kimlango cha kutokea: huenda hata bila mimi wasingefaulu. Sasa kimlango kile kilizibwa. Aliufunga mfuniko, akavua koti la kazi, akaibeba ndoo, akaenda kwa miguu mpaka duka la binti yake.

Binti alikuwa peke yake, anapanga chupa. "Shikamoo, Baba. Leo umetuletea maziwa?"

"Marahaba, mama. Fungua."

Alifungua. Aliinamia ndoo akatazama. Kisha akatandika karatasi kaunta, akamimina vijipunje, akavihesabu mia moja kwa ncha ya kalamu, akivitenga vyenye tundu na visivyo na tundu. Vidole vyake vilikuwa vya haraka, vya mtu ambaye hajasahau kitu.

"Tisini na tatu," alisema. "Tisini na tatu kwa mia, Baba. Mimi nilikuwa naomba hata nusu." Uso wake ulichangamka mara moja, kama zamani, akainua macho. "Umezitoa wapi?"

Bwana Doa alimwambia yote, tangu siku ya tatu mpaka mvua, bila kuruka kitu. Alivyokuwa anasema, ule uso ukawa unafifia.

"Ndoo ngapi?"

"Saba. Sita nilizichoma."

"Na siku ile, nilipopiga magoti pale mbele ya tajiri, ulikuwa unajua?"

"Siku ile ndipo nilipojua."

"Shwari alikuwa bado anaona. Ungesema, ningemwomba tajiri mwezi mmoja tu."

"Najua, mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alikuwa ameandaa majibu njiani, matatu au manne, na yote yalikuwa na heshima ndani yake. Aliyaacha yote. "Niliona haya," alisema. "Miaka yote ile, mbele ya watu. Niliona haya, mwanangu."

"Na mimi je, Baba?"

Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Mfugaji mmoja wa ng'ombe aliingia, akasalimu, akauliza kama kuna dawa kali ya nzi. Binti aliufunika ule mlima mdogo kwa kipande cha karatasi, akageuka kwenye rafu, akateremsha chupa.

"Inaua kweli hii?" mfugaji aliuliza, akiigeuza geuza.

Binti alimtazama baba yake, si kwa hasira, kwa uchovu tu. "Inaua," akasema, akapokea pesa kwa mkono ambao bado ulikuwa na vumbi jeusi la nyigu.